Kalibu za Tebbutt

Northampton haina mlima.
Kirefu kilichopo ni mnara wa kujaribia lifti,
umesimama peke yake kama mgeni aliyeshuka kituo sicho,
na mto unatambaa tu, hauna haraka na bahari.
Hapa ndipo walipokuja kupimwa miguu
watu waliotaka kukanyaga paa la dunia.

Nimeajiriwa miezi mitatu kuhesabu kalibu
katika ghala la Tebbutt na Wanawe
kabla halijageuzwa nyumba za kupanga.
Miguu ya mbao, jozi mia tatu na kumi na mbili,
imening'inia darini, vidole chini, kama popo.
Kila mguu una jina na mwaka.
Napangusa vumbi, nasoma, naandika.

Wrathall, 1926: wayo bapa, kifundo kinene.
Sandeman ana kalibu mbili.
Ya 1929 ina vidole vyote.
Ya 1931 imechongwa upya kwa patasi, mguu wa kushoto,
pale theluji ilipokula vitatu.
Tebbutt mzee hakuandika pole. Aliandika:
"Jaza sufi mbele. Punguza njumu,
chuma hupitisha baridi."

Walipanda na hariri ndani, sufi juu, katani kiunoni,
wakibishana kama hewa ya chupa ni msaada au ni wizi,
na kilele kikiwangoja, hakina upande.
Kisha katani ikawa nailoni,
njumu zikawa mpira,
ngozi ikawa plastiki,
na plastiki ndiyo iliyoliua duka hili.
Mlima haukulifanya kitu.

Daftari linasema:
Jozi imerudi, soli mpya.
Jozi imerudi, soli mpya, gidamu mpya.
Jozi imerudi.
Halafu mstari mtupu, na wino umevuja kidogo,
kana kwamba kalamu ilishikwa pale muda mrefu.

Ukurasa wa 1934, chini kabisa:
"Jozi arobaini, za wapagazi. Saizi ya kati."

Ya kati!
Watu arobaini, nyayo themanini,
na hakuna mmoja aliyeinama na utepe.
Neno hilo mpagazi nimelikuta nyumbani.
Babu yake mama alibeba sanduku la mzungu toka Pangani mpaka Moshi;
mzigo ulipimwa kwa frasila,
mguu haukupimwa kwa chochote.
Adhabu ya kaburi aijuaye maiti,
na ya kiatu cha kati
aijuaye kidole gumba.

Leo mchana, droo ya mwisho imekwama. Nimeipiga teke.
Ndani mna msharasi wenye kutu, maganda ya peremende,
na karatasi ya khaki iliyokunjwa mara nne:
unyayo uliochorwa kwa mkaa,
mpana, kidole kidogo kimejitenga na wenzake.
Umetumwa kutoka Darjeeling, 1951.
"Baba alivaa viatu vyenu vya kati. Vilimpwaya.
Nitengenezee vyangu.
Lhakpa Gyalzen."

Nilitamani kusoma kwamba Tebbutt alilia.
Daftari linasema alitoza pauni sita na shilingi kumi,
bei ya Wrathall, bila kupunguza hata senti,
zikalipwa kwa mafungu matatu.
Lakini nilipanda ngazi, nikatafuta darini,
na kalibu ipo.
Jina limekosewa, limekwanguliwa,
likakosewa tena, likachongwa mara ya tatu sawasawa.
Kidole kidogo kimejitenga.

Milima haikutani, tuliambiwa.
Basi njooni mwone mihimili hii:
Alpi imegusana kisigino na Andes,
na Himalaya, kila upepo ukipita dirishani,
inagonga kok, kok, dhidi ya Sandeman.

Makumbusho yatachukua kalibu ishirini tu, za watu mashuhuri.
Fomu ina safu yenye kichwa "Umuhimu".
Kwa Wrathall nimenakili vilele viwili na nishani.
Kwa Gyalzen sina kilele. Sijui kama alifika,
wala kama jozi ilirudi.
Nimefikiri mpaka taa za barabarani zikawaka,
kisha nikaandika:
Alipimwa. Alilipa.